Spika mpya huzoea, sikio halizoei

Kaka yangu alinunua sabufa Kariakoo wiki moja kabla ya arobaini ya mtoto wake wa kwanza. Ijumaa jioni aliishusha kwenye bajaji, akaipanga sebuleni nyumbani kwake Mbagala, akaiunganisha na simu na kuongeza sauti mpaka vyombo vya kabatini vikaanza kugongana. Kisha akatoka, akarudishia mlango na kwenda kukaa barazani.

Nilipomuuliza anampigia nani muziki, maana hakuna aliyekuwa akiusikiliza, alinijibu kwa upole kama mwalimu: “Mdogo wangu, spika mpya haisikilizwi hivihivi. Lazima kwanza ilainike. Muuzaji kaniambia niipige siku tatu mfululizo, sauti ya juu, nisizime.”

Chumba kinachopakana na sebule alikuwamo wifi na mtoto wa siku 33. Sebuleni kwenyewe alibaki mtu mmoja tu, baba yetu, aliyekuja kutoka Ifakara kwa ajili ya arobaini. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na sabufa, anasoma gazeti, kama vile haijawashwa.

Nilimwomba kaka apunguze sauti, akapunguza kidogo. Nilipomwomba azime, tukaanza kubishana. Yeye anasema ametoa hela yake na hataki kuiharibu spika kwa haraka. Mimi nasema kuna mtoto ndani. Mwishoni alinimaliza kwa neno moja: “Wewe ni mwandishi wa afya, si fundi redio.”

Ni kweli. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi redio.

Kaka hakudanganywa yote

Fundi niliyemwendea ana kibanda Tandika, na amekuwa akitengeneza spika tangu enzi za redio kaseti. Nilimwamkia, nikamweleza ubishi wetu. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua spika mbili za aina moja, moja mpya iliyokuwa bado kwenye nailoni, nyingine kuukuu iliyoletwa kutengenezwa, akaniambia niweke vidole kuzunguka katikati ya koni na kusukuma taratibu.

Ile mpya ilikuwa ngumu, ikarudi haraka kama inanikatalia. Ile ya zamani ilizama kwa urahisi.

“Umeona binti? Kaka yako hakudanganywa yote,” akasema.

Kisha akaifungua ile kuukuu ili nione kilicho ndani. Nyuma kabisa kuna sumaku. Mbele ya sumaku, kwenye mwanya mwembamba, kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye kijibomba chepesi. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya huo, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, mbele na nyuma, mara nyingi kwa sekunde. Koili imegundishwa kwenye koni ya karatasi, na koni ndiyo inayosukuma hewa hadi kwenye masikio yetu. Spika za namna hii zimekuwapo tangu miaka ya 1920, na mpangilio wake haujabadilika sana hadi leo.

Koni hiyo haielei hewani. Imeshikwa sehemu mbili. Kwenye ukingo wa nje imeshikwa na duara la mpira au sponji. Ndani, karibu na koili, imeshikwa na kitambaa cha mviringo chenye mikunjo inayofuatana kama marinda. Wazungu hukiita kitambaa hicho buibui, kwa maana ya mdudu, si vazi. Kazi yake ni kuiweka koili katikati ya mwanya isigusane na sumaku, na kuirudisha mahali pake kila inapotoka. Ni springi ya kitambaa.

Hapo ndipo palipo na ukweli wa maneno ya muuzaji. Kitambaa hicho mara nyingi ni cha pamba, au pamba iliyochanganywa na nyuzi nyingine, kilicholoweshwa gundi ngumu na kubanwa kwa joto kiwandani ili mikunjo isimame. Spika inapotoka dukani, gundi hiyo imeganda katikati ya nyuzi. Koni inapoanza kwenda mbele na nyuma kwa nguvu, gundi hupata nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na nyuzi zilizokuwa zimeshikana huanza kuteleza. Kitambaa kinalegea kidogo.

Mama yeyote aliyewahi kununua khanga mpya anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Khanga ikitoka dukani ina wanga, ni kavu, haikai vizuri mwilini. Ukiifua na kuivaa mara kadhaa wanga unatoka na nguo inalainika. Khanga haijaharibika wala haijawa khanga nyingine. Imezoea tu.

Dakika, si siku

Swali la pili nililompelekea fundi lilikuwa la muda. Kama kulainika ni kweli, je, kunahitaji siku tatu?

Fundi alicheka. Alisema yeye akibadilisha koni huipiga muziki wenye besi wakati anakunywa chai, kisha anampa mteja mzigo wake. Vipimo vya wahandisi wa sauti vinakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Kulegea kwingi kwa kitambaa hutokea mapema sana, ndani ya dakika za mwanzo ambazo koni inatembea umbali mrefu. Baada ya hapo mabadiliko huwa madogo na ya taratibu, na yanaendelea yenyewe kadiri unavyotumia spika kila siku. Tena sehemu ya ulegevu huo hurudi ukiipumzisha spika, kwa sababu kitambaa, gundi na mpira ni vitu vinavyonyooka na kujirudi polepole. Hata hali ya hewa inaingia humo. Penye joto kitambaa hulegea, penye baridi hukaza, kwa hiyo spika ileile haina ulaini uleule Mbagala mwezi Januari na Njombe mwezi Julai.

Na je, mabadiliko hayo yanasikika? Hapa inafaa tupige hesabu kidogo. Kitu chochote kilichoshikwa na springi kina mwendo wake wa asili, kama bembea. Ukilegeza springi, mwendo unapungua. Tuseme spika yenyewe, kabla ya kuwekwa kwenye boksi, ina mwendo wa asili wa mitetemo 60 kwa sekunde. Kitambaa kikilegea kwa asilimia 20, mwendo huo unashuka hadi 54 hivi. Kwenye karatasi ni tofauti inayoonekana.

Lakini hakuna anayesikiliza spika ikiwa mkononi. Ipo ndani ya boksi. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi nayo ni springi, na kwenye boksi dogo lililozibwa, springi ya hewa huwa na nguvu kuliko ile ya kitambaa. Boksi likiwa na tundu, kama yalivyo mengi ya sabufa zetu, mlio wa besi hupangwa zaidi na ukubwa wa boksi na urefu wa bomba la tundu. Hewa haina gundi ya kulegea. Kwa hiyo kitambaa kinabadilika kweli, ila kwenye sauti inayofika kitini mabadiliko hayo huwa madogo.

Fundi aliongeza jambo ambalo kaka hakuambiwa dukani. Sauti ya juu kwa siku tatu inaweza kuiua spika. Koili hupata joto, gundi inayoshika waya huchoka, na kifaa cha kukuza sauti kikilazimishwa kupita uwezo wake hutoa umeme uliokatika unaounguza spika ndogo za sauti nyembamba. “Mimi ninakula kwa spika zilizoungua,” alisema. “Lakini za namna hii nawaonea huruma wenyewe.”

Mbona baada ya siku tatu inasikika vizuri?

Kaka alikuwa na swali la haki niliporudi na majibu haya. Rafiki zake wote waliofuata ushauri huo wanasema spika zao zilibadilika: siku ya kwanza zilikuwa kali, zinachoma masikio, siku ya nne zikawa laini. Wote ni waongo?

Si waongo. Walisikia mabadiliko. Ila kitambaa si kitu pekee kilichokuwa kikibadilika chumbani mle. Kulikuwa na mambo mengine mawili, na yote mawili ni ya mwili wa binadamu.

La kwanza ni akili. Ubongo hujifunza sauti mpya na kuacha kuishangaa. Ukihamia karibu na reli, wiki ya kwanza huli usingizi, mwezi wa pili unauliza kama treni limepita. Treni halijapunguza kelele. Hali kadhalika, kumbukumbu yetu ya namna sauti ilivyokuwa ni fupi. Hakuna anayeweza kukumbuka Jumatatu kwa usahihi jinsi spika ilivyolia Ijumaa. Tunakumbuka hukumu tuliyoitoa, si sauti yenyewe.

La pili ndilo lililonifanya niandike safu hii. Sikio lililokaa kwenye sauti kubwa kwa saa nyingi huchoka, na uwezo wake wa kusikia hushuka kwa muda. Ni ile hali ya kutoka kwenye muziki usiku ukajiona kama umezibwa pamba, masikio yanapiga filimbi, halafu asubuhi unaamka mzima. Sehemu inayochoka kwanza huwa ile inayosikia sauti nyembamba na kali. Sasa fikiria mtu anayekaa na spika mpya kwa saa nyingi, sauti ya juu. Kadiri saa zinavyokwenda, ukali anaousikia unapungua. Anasema spika imelainika. Inawezekana kabisa kwamba aliyelegea ni yeye.

Ndani ya sikio hakuna gundi

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kiungo kilichojiviringisha kama kome la konokono. Kimejaa majimaji, na ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo vidogo mno juu yake. Sauti ikitikisa majimaji, vinyweleo vinapinda, na seli inatuma taarifa kwenye ubongo. Kila sikio linazo seli hizo 15,000 hivi. Ni chache ukizingatia kazi yake. Tunazaliwa nazo, na kwa binadamu zikifa hazioti tena.

Sauti kubwa huvipinda vinyweleo kupita kiasi na kuichosha seli. Ikipata utulivu, seli inaweza kujirudi. Ikipigwa tena kabla haijapona, na tena, inakufa. Siku hiyo huhisi maumivu. Hakuna damu wala homa. Ndiyo maana ugonjwa huu haupelekwi hospitali mapema.

Kuna mfanano wa kudanganya kati ya spika na sikio. Vyote viwili vina ngozi inayotikisika, vyote viwili vina kitu laini kinachopinda mara maelfu. Lakini spika ilitengenezwa ikiwa ngumu kuliko inavyotakiwa, ili ilegee kidogo na kufika mahali pake. Sikio lilizaliwa likiwa mahali pake. Halina kitu cha kulegeza. Kila kinacholegea humo ni hasara.

Hesabu ya siku tatu

Ijumaa ile nilikuwa nimepima sauti ya sebuleni kwa programu ya simu. Programu za simu si kipimo cha maabara, lakini zinatosha kukupa picha. Ilikuwa inachezea kwenye desibeli 90, pale alipokuwa amekaa baba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu usikilizaji salama unasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba desibeli haziongezeki kama shilingi. Kila zikipanda 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama unakatwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20. Desibeli 86 ni saa 10. Ukifika 90, mtu mzima amebakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Mtoto amebakiwa na saa moja na robo.

Siku tatu mfululizo ni saa 72. Kwa mtu mzima aliyekaa sebuleni mle muda wote, hizo ni posho ya sauti ya wiki 18 zilizotumika kwa siku tatu. Kwa mtoto, ni zaidi ya posho ya mwaka mzima.

Ni kweli mtoto wa kaka hakuwa sebuleni. Alikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta hupunguza sauti. Lakini besi ni sauti inayopenya kuta kuliko zote, na nyumba zetu nyingi zina dari moja iliyoungana juu ya vyumba. Halafu mwongozo ule wa watoto haukuandikiwa kichanga wa mwezi mmoja. Kwenye vyumba vya hospitali vya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, madaktari wa watoto wa Marekani wamependekeza kelele isizidi desibeli 45, karibu sawa na chumba ambacho watu wanaongea kwa kunong’ona. Kichanga hawezi kuziba masikio, hawezi kuondoka, na kilio chake huwa tunakipa tafsiri nyingine. Wifi alikuwa ameniambia mtoto analia sana tangu jioni na amehisi labda ni tumbo.

Nilipomwonyesha kaka hesabu hii hakusema kitu. Alichukua rimoti.

Baba na mashine

Niliahidi moyoni kumweleza baba, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndiye aliyemaliza ubishi wetu kuliko hesabu yoyote.

Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kwa miaka 22. Ukisimama karibu na mashine ile ulilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye karibu hivyo, kelele imefika desibeli 85 au imepita. Hakuna aliyempa kinga ya masikio. Jumamosi ile usiku, sabufa ikiwa imezimwa, alituhadithia kwa kujivunia kidogo. Wiki ya kwanza masikio yake yalipiga kelele usiku kucha. Mwezi wa pili yakanyamaza.

“Yakazoea,” akasema.

Kaka alinitazama. Ni neno lilelile alilokuwa akilitumia yeye kwa sabufa.

Masikio ya baba hayakuzoea. Kilichonyamaza ni seli. Kwa kawaida kelele huanza kuua zile zinazosikia sauti nyembamba, na huko ndiko ziliko konsonanti kama s, t, f na sh. Irabu ni sauti nene, zinabaki. Mtu wa namna hii husikia kwamba unaongea, anakataa kwamba ana tatizo, ila maneno yanamfikia yakiwa mifupa mitupu. Jaribu mwenyewe: toa konsonanti kwenye tisa, sita, pita na fika. Yote yanabaki i-a.

Miaka mitatu iliyopita mnunuzi alimpigia baba simu akamwambia atachukua gunia kwa elfu tisini. Baba akasikia sitini. Akakasirika, akamwambia mnunuzi hana adabu, akakata simu. Mpunga aliuza baadaye kwa bei ya chini zaidi. Tulilicheka jambo hilo nyumbani kwa muda mrefu. Sasa nikilikumbuka sicheki. Ndivyo pia alivyoacha kwenda kwenye vikao vya ukoo, akisema vijana siku hizi wanaongea ovyo. Ndivyo alivyokaa kando ya sabufa Ijumaa ile akisoma gazeti. Kwake, besi ilikuwa mtikiso kwenye kiti.

WHO inakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu kwa kiwango kinachowasumbua. Inaonya pia kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Baba hakuwa na hiari, alikuwa akitafuta ada zetu za shule. Sisi tunanunua mashine ya kukoboa, tunaiweka sebuleni na kuipamba taa.

Umenunua spika mpya, ufanye nini?

Sisemi msinunue sabufa. Nami napenda muziki, na arobaini bila muziki haipendezi. Haya ndiyo tuliyokubaliana na kaka, kwa msaada wa fundi:

Isikilize kawaida. Spika mpya italainika yenyewe kwa matumizi ya kila siku. Huna sababu ya kuilaza macho.

Kama una haraka, chagua muziki wenye besi, sauti ya kati, saa moja au mbili, mahali ambapo hakuna mtu. Ukisikia koni inagonga au sauti inakwaruza, umepita kiasi, punguza.

Mruhusu muuzaji aijaribu mbele yako dukani. Spika inayokwaruza siku ya kwanza haihitaji kulainishwa, inahitaji kurudishwa. Fundi aliniambia wapo wauzaji wanaotumia maneno ya siku tatu, au saa mia, ili mteja achelewe kulalamika.

Spika za masikioni ni habari nyingine. Nyingi zina utando mwembamba wa plastiki na hazina kitambaa cha marinda kabisa. Usiziachie zipige kwa sauti ya juu ukidhani unazilainisha, na usizijaribu ukiwa umezivaa.

Iweke sabufa mbali na ukuta wa chumba cha kulala, na usiiweke usawa wa kichwa cha mtoto anayetambaa. Umbali ni dawa. Ukiwa uwanjani, kila ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6.

Usimzibe mtoto masikio kwa pamba. Pamba haizuii sauti ya kutosha na inaweza kubaki ndani. Mwondoe mtoto, au punguza sauti.

Mkumbuke jirani. Kanuni za kudhibiti kelele zipo na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) linazisimamia, lakini kabla ya kufika huko, jirani naye huenda ana kichanga au mgonjwa.

Masikio yakipiga filimbi au kuziba baada ya muziki, yape utulivu siku nzima. Hiyo ndiyo onyo la mwisho unalopewa bure. Hali ikiendelea, au usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, usisubiri wiki iishe na usiweke mafuta ya moto. Nenda hospitali siku hiyohiyo au kesho yake ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo.

Na kwa mtoto mchanga, angalia kama anashtuka mlango ukigongwa, na kama kufikia miezi sita anageukia sauti ya mama. Asipofanya hivyo, usiambiwe kwamba ni mpole. Mpeleke akapimwe.

Arobaini ilifanyika Ijumaa iliyofuata. Kaka aliitoa sabufa nje, akaielekeza upande wa barabara na kuiweka mwisho wa turubai, mbali na akina mama waliokaa na mtoto. Wageni waliisifu kwamba ina besi nzuri. Haikuwa imepigwa siku tatu. Ilikuwa imepigwa jioni chache, sauti ya kawaida, wifi akipika.

Jioni baba alipewa mjukuu ampakate. Alimsemesha kwa sauti ya juu kama anavyosema na kila mtu, na mtoto akashtuka, mikono yote miwili ikaruka. Watu wakacheka. Baba akaniuliza kwa nini wanacheka. Nikainama sikioni kwake nikamwambia mtoto amemsikia babu yake vizuri sana.

Ilinibidi nirudie mara mbili. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hicho kipimo cha masikio ninachokisema kinaumiza? Nikamwambia hakiumizi, unavaa spika za masikioni na kuinua mkono ukisikia mlio. Jumatano tunakwenda.